Kile kikaratasi cheupe kilichomtia hasara mama mdogo

Najua nimepotea siku nyingi, mwanisamehe, majaribio na projekti vilinibana hadi nikasahau hata kufua. Leo nina dukuduku. Wenzangu wa kompyuta msome hadi mwisho maana linatuhusu sisi moja kwa moja. Na nyie wa sheria na ualimu msikimbie, hakuna hesabu humu.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Igogwe, wilaya ya Rungwe. Kwa wasiopajua, ni kule kwetu kwenye migomba, mvua na baridi ya kuvaa sweta mchana, penye ile hospitali ya misheni. Sasa mama yangu mdogo ndiye mhazini wa kikoba cha akina mama 24 pale kijijini. Miaka yote walikuwa wanaandika kwenye daftari kubwa la kaunta, na kila mwisho wa mwaka wanavunja kikoba, kila mtu anaondoka na chake kwa furaha.

Nikajitia msomi. Likizo ndefu ile nikaandika programu kwa Java, ya kutunza hisa, mikopo na marejesho. Nikaiweka kwenye laptopu yangu ya zamani niliyomwachia binti wa mama mdogo, naye akawa anaingiza hesabu kila Jumapili na kuzihifadhi kwenye flashi. Mafaili yake nikayapa herufi zangu mwenyewe mwishoni, .kkb, na nikayachorea ikoni ya kikapu. Yaani kilikuwa kikapu kizuri jamani! Akina mama walicheka walipokiona. Nikawaambia, daftari wekeni kando sasa, kompyuta inatosha. Kauli hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Desemba ikafika, siku ya kuvunja inakaribia, mama mdogo akachukua flashi akapanda gari kwenda Tukuyu kuchapisha ripoti steshenari. Kijana wa pale akachomeka flashi, akaona kikaratasi cheupe kisicho na picha. Kikapu changu kilikuwa kwenye laptopu ya nyumbani tu, mashine nyingine yoyote hailijui hilo faili. Akabofya, Windows ikamuuliza kwa Kiingereza afungue kwa programu gani. Akachagua Word, zikatoka alama za ajabu ajabu mistari mia. Akasema, "Mama, hiki ni kirusi. Nikusafishie?" Mama mdogo angejuaje? Akasema, "Sawa kijana wangu." Flashi ikafomatiwa. Miezi miwili ya hesabu ikaenda na maji, maana nakala niliyokuwa nayo mimi ilikuwa ya Oktoba.

Basi ule mkutano wa kuvunja sitausahau. Watu wakawa wanakumbushana kwa vichwa. Mama mmoja akasema alirejesha shilingi 40,000 za mkopo, mwingine akasema sikukuona. Hakuna aliyekuwa mwongo, ila hakuna aliyekuwa na karatasi. Mama mdogo akazitoa zile 40,000 mfukoni mwake mbele ya wote ili yaishe.

Mtasema yule kijana mjinga. Mimi nasema hapana, na ndiyo hoja yangu ya leo. Yule kijana alifanya kile ambacho kompyuta zimetufundisha wote: kuhukumu faili kwa sura. Nani asiyekumbuka zile flashi za miaka ya 2000 zilizokuwa na folda kumbe si folda, ni kirusi kilichovaa ikoni ya folda? Mei 2000 kile kirusi cha ILOVEYOU kilizunguka dunia kwa ujanja wa namna hiyo hiyo. Faili lake liliishia na .TXT.vbs, lakini Windows ilikuwa inaficha herufi za mwisho, basi watu wakaona .TXT tu wakadhani ni barua. Na hadi leo Windows mpya huja ikiwa imezificha, mpaka uziwashe mwenyewe. Yaani sura nzuri inaficha kirusi, na sura mbaya inaua hesabu za wajane. Yote mawili ni uongo wa ikoni.

Sasa ikoni inatoka wapi? Kwenye Windows, mfumo unatazama zile herufi baada ya nukta ya mwisho, unakwenda kwenye rejista yake kuuliza hizi ni za nani, huko unakuta picha ya kuonyesha na programu ya kufungulia. Haufungui faili kuona ndani kuna nini. Linux nyingi za mezani zinatazama jina, na zikishindwa zinachungulia baiti za mwanzo. Kwa sababu mafaili yaliyotengenezwa kwa adabu yanajitambulisha: PDF inaanza na %PDF, zipu inaanza na PK, na hata .docx ukiichungulia utaikuta PK maana ndani yake ni zipu. Ni kama kubisha hodi na kutaja jina.

Faili langu halikutaja jina. Lilianza tu na namba. Na hilo liliniadhibu mara ya pili, maana nilirudi kampasi na ile flashi nikaipitishia PhotoRec, programu ya bure inayofufua mafaili kwa kuyatambua kwa baiti hizo za mwanzo. Ikanirudishia picha za harusi ya binamu zote, na nyimbo za kwaya. Hesabu za kikoba hazikuonekana. Ningezitambuaje na mimi mwenyewe sikuzipa alama?

Kwa hiyo wana, msimamo wangu ni huu. Kwanza, tuache ulimbukeni wa kubuni aina mpya ya faili kwa kila projekti ili tuonekane wakali. Data ya watu ikae kwenye kitu kinachofunguka popote: CSV, au ODS ambayo ni kiwango cha ISO tangu 2006. Pili, programu isijifanye ndiyo mwenye nyumba. Tangu Java 6 ya Desemba 2006 kuna darasa linaloitwa Desktop, unalipa faili nalo linalifungua kwa programu ambayo mtumiaji amezoea. Ikoni nayo unaweza kuuomba mfumo ukupe, huna haja ya kujichorea. Kwenye Linux ipo xdg-open, kazi hiyo hiyo. Ni mistari michache tu, ila inamheshimu mwenye mashine. Tatu, kila programu ya hesabu iwe na njia ya kutoa PDF, hata kama haina kingine.

Najua kuna watakaosema mfumo wenyewe ndio wa kulaumiwa. Ni kweli kiasi. Programu zilikuwa zinanyang'anyana mafaili mpaka Microsoft, kuanzia Windows 8 ya 2012, wakafunga kufuli ili programu isibadilishe chaguo la mtu kimyakimya. Vizuri. Lakini kufuli halimsaidii mtu wa steshenari aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoisoma vizuri. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, menyu zote Kiswahili. Walishatuonyesha kwamba inawezekana. Mimi mwaka huu wote naandika programu ya akina mama wa Rungwe, halafu ujumbe wa makosa nauandika Kiingereza! Kwa ajili ya nani?

Nimeiandika upya. Inahifadhi CSV, inatoa PDF kila Jumapili, na inaongea Kiswahili. Kikapu nimekifuta. Na zile 40,000 namrudishia mama mdogo kidogo kidogo, ingawa hataki kuzipokea.

Nilipompigia kumwambia iko tayari akacheka, akasema, "Ndaga fijo mwanangu. Ilete tu. Lakini daftari tumelirudisha mezani, na safari hii hatuliondoi."

Sikuwa na la kujibu. Nyie mnaonaje wadau? Ni nani kati yenu ana projekti yenye herufi za kwake mwishoni? Jisemeni wenyewe kabla sijawataja, hahaha. Tuonane wiki ijayo, kesho nina jaribio la asubuhi.