Usaili wa Msimamizi wa Ujenzi Si Mashindano ya Ufasaha

Imekuwa desturi kwa vijana wetu wanaoitwa kwenye usaili wa kazi ya umeneja wa miradi ya ujenzi kukesha wakikariri majibu. Hujifunza kusema kwamba wao ni wachapakazi, kwamba hushirikiana vyema na wenzao, na kwamba udhaifu wao pekee ni kuipenda kazi kupita kiasi. Sisi tumewahi kuketi upande wa pili wa meza, na twawahakikishia wasomaji wetu kwamba maneno hayo huingia sikio hili yakatokea lile.

Yafaa kwanza mwombaji atambue anaomba nini. Mwezi wa Septemba 2004, hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, kando ya barabara iendayo Entebbe, iliporomoka ikaua watu zaidi ya 10. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ilipitishwa nchini Uganda mwaka 2013, na hata baada yake majengo yameendelea kuanguka. Kwa hiyo msaili mwenye busara hatafuti mtu wa kumfurahisha. Anatafuta mtu atakayethubutu kusimamisha kazi hali mwenye mali amekunja uso.

Basi na ajiandae kwa swali kama hili: vibonge vya zege vya majaribio vimevunjwa siku ya 28 na vimeonyesha nguvu pungufu, ilhali ghorofa ya juu yake imekwisha kumwagwa. Utafanya nini? Wengi hujibu kwamba watamkaripia fundi. Jibu hilo halifai. Aijuaye kazi atasema kwamba atazuia mzigo wowote usiongezwe juu ya sehemu hiyo, na mbao na nguzo za kuishikilia zisiondolewe. Atamwarifu mhandisi mshauri kwa maandishi siku hiyo hiyo. Atatazama kumbukumbu za saruji, maji na mchanga wa siku ya kumwaga. Ataomba zege lenyewe lipimwe pale lilipo, na ikibidi likatwe vipande vya kupelekwa maabara. Hatimaye mhandisi ndiye atakayeamua kama sehemu hiyo itaimarishwa au itabomolewa. Mwombaji akiongeza kwamba matokeo ya siku ya 7 yangalimpa onyo mapema, kabla ghorofa ya pili haijafungwa nondo, wasaili watatazamana.

Iko pia siku 28 nyingine, nayo ni ya karatasi. Katika mikataba ya FIDIC ya mwaka 1999, itumikayo katika miradi mingi mikubwa, mkandarasi anayedai muda au malipo ya ziada hana budi kutoa taarifa kabla siku 28 hazijapita tangu alipolijua jambo, ama sivyo haki yake hupotea. Tumeshangaa kuona watu wenye uzoefu wa miaka mingi wasiolijua hilo. Kadhalika ratiba: anayepanga kuchimba misingi ya Kampala mwezi wa Aprili bila kutaja mvua amejikosesha kazi yeye mwenyewe.

Hapa hatuna budi kusema neno na ndugu zetu waliotoka jeshini, hasa katika vikosi vya wahandisi. Mwenzetu mmoja, kapteni mstaafu aliyejenga madaraja na hospitali, alirudi kutoka usailini akiwa amenyong'onyea. Kila alipoulizwa, alijibu, "Tulijenga," "Tuliamriwa," "Tulimaliza." Msaili akamwuliza: "Na wewe, afande, uliamua nini?" Akanyamaza. Tangu shule ya makadeti tumefundishwa kwamba sifa ni ya kikosi, na hilo ni jema, hata makala haya, msomaji ameona, hatukuthubutu kuyaandika kwa "mimi." Lakini msaili hawezi kukiajiri kikosi. Anataka kujua nani aliyerudisha lori la mchanga wenye udongo, nani aliyekosea kuhesabu nondo, na kosa hilo liligharimu siku ngapi. Tulikaa na kapteni huyo jioni mbili tukaandika miradi yake mitatu: bei yake, muda uliopangwa na uliotumika, waliojeruhiwa, na uamuzi mmoja katika kila mradi ambao ulikuwa wake peke yake. Mradi wa pili ulimtia aibu, maana ulichelewa miezi minne kwa sababu aliagiza mabati kabla ya kuhakikisha vipimo vya paa. Tulimsihi auanze huo. (Nyaraka za mwajiri wa zamani zibaki kwa mwenyewe, daftari lako na kumbukumbu zako zatosha.)

Na aliyeitwa kwa usaili wa Jumatatu, kama kiwanja kinajulikana, Jumamosi aende akakitazame kutoka barabarani: lori la zege litageukia wapi, maji ya mvua yanateremkia upande gani, na kama ukuta wa jirani una nyufa tangu sasa, kabla hata sururu ya kwanza haijapigwa.