Turufu Moja Haimalizi Mchezo wa Masisi na Walikale

Hoja mmeisikia, redioni na kwenye mazungumzo ya mjini: vita vya Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, ni vita vya madini, ukiyashika madini, umeishika amani. Wanaoihubiri wananikumbusha wachezaji wa karata za Magic: The Gathering waliopanga pakiti nzima kuizunguka karata moja, Splinter Twin. Ikikutana mezani na Deceiver Exarch, mpinzani alikuwa amekwisha. Januari 2016 ikapigwa marufuku katika mashindano ya Modern, na mpango wote ukafa nayo. Basi tuwapime na hawa wa kwetu, dai kwa dai. Waamuzi ni ninyi.

Wanadai kwanza kwamba damu ilianza kumwagika kwa ajili ya koltani. Tarehe zinakataa. Mauaji yalizuka Machi 1993 sokoni Ntoto, wilayani Walikale, yakaenea Masisi. Bei ya koltani ilipaa mwaka 2000. Miaka saba kabla ya hapo watu walikuwa wakiuana kwa kugombea ardhi, uchifu na uraia. Ugomvi huo una mizizi mirefu: Wabelgiji walianza kuhamishia watu Masisi kutoka Rwanda mwaka 1937, na sheria ya uraia ya 1981 ikawanyang'anya wengi kile walichopewa mwaka 1972. Anayesema madini yamerefusha vita, namkubalia. Anayesema madini ndiyo yaliyovizaa, atuletee kalenda nyingine.

Dai la pili: funga soko, bunduki zitakufa njaa. Hili lilishajaribiwa. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kilizitaka kampuni zieleze kama madini yao yanatoka Kongo au kwa majirani zake. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Aliyeumia wa kwanza alikuwa mchimbaji mdogo, aliyetegemea shimo kwa chumvi na karo. Bunduki je? Aprili 2012 kundi la waasi la M23 likazaliwa. Tena angalieni ilikula wapi: 2012 na 2013 haikushika migodi ya Bisie wala Rubaya. Ilishika Rutshuru na mpaka wa Bunagana, ikatoza malori. Iliporudi mwishoni mwa 2021 ilipigana zaidi ya miaka miwili kabla ya kuingia Rubaya mwaka 2024. Aliyefika mbali hivyo bila turufu mkononi hakuwa akiitegemea.

Dai la tatu: "Lakini Rubaya!" watasema, na hapa wana nguvu kuliko pengine pote, kwa hiyo nisiwapunje. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba M23 inavuna huko takriban dola 800,000 kwa mwezi. Fedha nyingi, hakuna ubishi. Swali ni jinsi zinavyopatikana: kwa kodi. Na mwenye bunduki barabarani hachagui mzigo. Hutoza koltani, hutoza makaa, maharage, ng'ombe, hata jibini la Masisi. Mwaka 2017 taasisi ya IPIS ya Ubelgiji ilihesabu vizuizi 798 katika Kivu mbili. Iondoe koltani yote kesho. Bariera itabaki palepale na mwenye bunduki atabaki na ng'ombe wako.

Dai la nne ndilo linalonichekesha, maana linatolewa na walewale waliotoa la kwanza: kwamba mgodi mkubwa wa kampuni huleta amani, shahidi akiwa Bisie, ambako Alphamin inachimba bati tangu 2019. Kwa hiyo madini huleta vita asubuhi, jioni yanaleta amani? Tuseme sawa. Machi 2025 kampuni ilisimamisha kazi na kuondoa watu wake, M23 ikaingia mji wa Walikale, kisha mapema Aprili ikaondoka na mgodi ukafunguliwa tena. Wanasema mgodi ndio uliookoa mji. Kama madini yana kinga hiyo, mbona Masisi, yenye Rubaya, haikukingwa? Mji wa Masisi ulianguka Januari mwaka uleule, na Rubaya ilikuwa imeanguka zamani. Na hata wakishinda hoja hii, watakuwa wamethibitisha tu kwamba wawekezaji wana wasikilizaji wenye nguvu, jambo ambalo hakuna aliyelikana.

La mwisho halihitaji maneno mengi: kwamba Marekani ikipewa nafasi kwenye madini yetu, itatulinda. Desemba 4, 2025, Washington, Rais Tshisekedi wa Kongo na Rais Kagame wa Rwanda walithibitisha mapatano yao ya amani, na Kinshasa ikaingia ubia wa kimkakati na Marekani ambamo madini yana nafasi kubwa. Karata ikalala mezani, dunia nzima ikitazama. Haikupita wiki, M23 ikaingia Uvira. Uvira haina Rubaya wala Bisie. Ina bandari ya ziwani, na ina barabara ya kwenda Burundi.