Kibao Hakijui Kuogelea

Kule bondeni kwenye chemchemi kuna kibao. Kimeandikwa MARUFUKU KUOGELEA kwa rangi nyekundu, na watoto wanakitumia kutundikia mashati kabla ya kuingia majini.

Nimekaa vikao vitatu kuhusu chemchemi ile. Vyote viliisha na neno moja: wakatazwe. Sawa, tumewakataza. Sasa wanaenda kwa kujificha, saa nane mchana, wakati wakubwa hawapo. Msimu wa mvua uliopita kijana mmoja aliteleza akaingia penye kina. Wenzake hawakupiga kelele. Aliyemwokoa ni mama aliyekuja kuchota maji, akamtupia dumu tupu, kijana akalikumbatia. Nikawauliza wenzake kwa nini walinyamaza. "Yaya, tuliogopa kupigwa." Ndiyo kazi iliyofanywa na marufuku yetu.

Wazee, nyie mnanishangaza kuliko ofisi. Wengi wenu mmetoka Fizi, Baraka, Uvira. Mlijifunza kuogelea Tanganyika mkiwa wadogo kabisa, na kila jioni mnajisifu. Kambi hii ya Nyarugusu ipo tangu 1996. Waliozaliwa humu wameshakuwa wazazi, na ziwa hawajaliona. Mmemfundisha nani?

Na nyie wa mashirika: Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na lenyewe linashauri watoto wa shule wafundishwe kuogelea na namna salama ya kuokoa. Msiniambie bajeti. Kamba na dumu ni bei gani?

Anatakiwa mtu mzima anayejua maji, akae pale kwa saa zinazojulikana. Apime kina kwa mti mrefu kabla mtoto hajaingia, maana hatua moja maji ni ya goti, ya pili yamekupita kichwa. Kuruka kwa kichwa, hapana. Mvua ikianza, hata ikiwa kule mlimani tu, wote watoke. Na mwenzako akizama usimrukie, atakukaba shingo mwende wote wawili. Piga kelele, mtupie dumu lenye kamba. (Lenye kifuniko, jamani! La wazi linajaa maji.) Sabuni ibaki nyumbani, kuna watu wanakunywa pale.

Mtasema kuwafundisha ni kuwaruhusu. Ruhusa walishajipa zamani.

Jumamosi nitakuwepo na kamba. Natafuta wazee wawili wanaojua maji. Saa tatu asubuhi, pale penye kibao.