Programu nazo zipige hodi

KUTOKA BARAZANI
Na Rehema Mwinchande

Jumamosi asubuhi, jua halijakolea, jirani yetu alipiga hodi akiwa na kompyuta mpakato aliyoiviringisha kwenye kikoi. Ni mwalimu mstaafu. Hapa Ngamiani mkubwa kwa mdogo anamwita Mwalimu. Tangu aache chaki anawachapia watu barua za maombi, mihtasari ya vikao na kadi za harusi, na kazi hiyo ndiyo inayoziba pale pensheni isipofika. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaketi. Chai haijamiminwa akaanza.

"Mwanangu, mashine hii imenishinda. Nikiiwasha nakwenda kununua mkate, narudi, bado inazunguka. Fundi kaniambia imezeeka. Ama tupige Windows upya, elfu thelathini, ama nitafute nyingine."

Tukaiwasha palepale mezani. Feni ikavuma. Taa ndogo ya diski ikawaka ikabaki imewaka. Zilipita zaidi ya dakika 6 ndipo mshale ukaanza kutii kidole. Hatukufungua Word, wala intaneti, wala kitu kingine chochote. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, likafunguka dirisha la Task Manager, nikamgeuzia kioo. Mwalimu akavaa miwani, akasoma kwa sauti kama anayesahihisha insha: diski, asilimia 100, kumbukumbu, asilimia 88. Chini yake majina yamepangana mpaka yanaishia nje ya kioo.

Akanitazama. "Sasa hawa wote ni nani, na nani kawaita?"

Swali hilo limekaa nami wiki nzima. Ndilo fundi alilopaswa kuanza nalo kabla ya kutaja elfu thelathini, na ndilo watengenezaji wa programu wamezoea kulikwepa.

Sisi tumelelewa na hodi. Hata awe ndugu wa tumbo moja, mtu husimama kizingitini akabisha, na asipoitikiwa mara ya tatu hurudi zake bila kinyongo. Mlango ukiwa wazi haujawa ruhusa. Kompyuta ya nyumbani nayo ni nyumba: ndani yake mna barua za watu, picha za watoto, hesabu za kikoba. Ila humo programu zinaingia, zinajipangia vitanda, na kila asubuhi zinaamka kabla ya mwenye nyumba. Siku ulipoweka programu moja ya kuongea na mwanao aliye Muscat, uliipa kazi ya siku moja. Yenyewe imejiajiri maisha.

Nimweleze msomaji kilichokuwa kikitokea mezani pale, maana mashine ya Mwalimu haina ugonjwa wowote. Ina RAM ya GB 4 na diski ya zamani ya kuzunguka, mizunguko 5,400 kwa dakika, yenye kijimkono kinachokimbia juu ya sahani kama sindano ya santuri. Kijimkono hicho kinasoma mahali pamoja kwa wakati mmoja. Programu kumi na kitu zikiamka pamoja, kila moja inadai faili zake, nacho kinapelekwa huku kabla hakijamaliza kule. RAM ikijaa, Windows huchukua baadhi ya vilivyomo na kuvihamishia kwenye diski hiyohiyo, na mzigo unaongezeka juu ya mzigo. Prosesa yenyewe, ambayo fundi alisema imechoka, ilikuwa ikitumika asilimia 14. Ilikuwa imekaa inasubiri zamu. Kuipiga Windows upya kungesaidia kwa wiki chache, kwa sababu kungewafukuza wote, kisha wangerudi mmoja mmoja pamoja na kila programu anayoihitaji Mwalimu. Elfu thelathini ya pili ingefuata.

Si wote waliomo ni wavamizi, na hapa naomba msomaji asiwe na pupa. Yule anayejiita Antimalware Service Executable ni mlinzi. Anachunguza faili zinazoingia, na kuna nyakati anakula diski kwa sababu yuko lindo. Mwache. Yuko svchost, anayeonekana mara arobaini au hamsini mpaka watu wanadhani ni kirusi. Huyo ni mwenyeji wa huduma za Windows yenyewe, na tangu mwaka 2017, katika kompyuta zenye RAM ya zaidi ya GB 3.5, Windows 10 ilianza kuzitenganisha huduma hizo, kila moja na svchost wake, ili mmoja akianguka asiwavute wenzake. Ndiyo maana wameongezeka. Wahalifu wanalijua jina hilo na huliigiza kwa kubadili herufi moja mbili, kwa hiyo ukimtilia shaka mmoja, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu yake uone faili lake limekaa wapi. Wa kweli hukaa ndani ya folda ya System32. Naye System Idle Process, anayewatisha wengi kwa kuandikiwa asilimia 90 na zaidi, hafanyi kazi yoyote: tarakimu ile ni kipimo cha muda ambao prosesa imepumzika. Nimekutana na kijana aliyehangaika jioni nzima akitaka kumzima.

Kadhalika tuachane na zile programu zinazojinadi kuwa zinasafisha RAM. Windows huitumia RAM iliyo huru kuhifadhi vitu unavyovihitaji mara kwa mara ili isivifuate tena kwenye diski. Ukiifagia, unailazimisha ikavichukue upya. Na fagio lenyewe hukaa humo saa zote, limeongeza kichwa kimoja kwenye foleni.

Wazo la programu ya kukaa chinichini lilizaliwa kwa nia njema. Mwaka 1963, katika chuo cha MIT huko Marekani, kundi la Fernando Corbató lililokuwa likifanya kazi kwenye kompyuta ya IBM 7094 liliziita programu za namna hiyo "daemon". Jina walilichukua kwenye fizikia, kwa yule kijidude ambaye James Clerk Maxwell alimwazia mwaka 1867, anayekaa mlangoni akizichambua molekuli pasipo kuchoka. Ya kwanza, kwa maelezo ya Corbató mwenyewe, ilikuwa ikinakili mafaili kwenye utepe ili yasipotee. Nalipenda sana jambo hilo. Mtumishi wa kwanza wa chinichini aliwekwa ili kazi ya mwenye kompyuta isalimike. Leo wengi wa waliojazana kwenye kioo cha Mwalimu wanamtumikia bwana mwingine. Wanaamka ili kampuni ijue kama bado upo, ili programu ifunguke sekunde tatu mapema siku utakapoitaka, ili tangazo likufikie. Na wengine ukibonyeza alama ya X unadhani wameondoka, kumbe wamejibanza karibu na saa, pale chini pembeni, nyuma ya kile kishale kidogo. Hebu kibofye leo uone.

Kinachoniuma zaidi ni bando. Mtu aliyebuni programu hizi alikuwa na picha ya nyumba kichwani mwake, na nyumba hiyo ina intaneti ya waya inayolipiwa kwa mwezi bila kipimo. Huku kwetu mtu anapima. Ananunua GB 2 za siku tatu, anawasha hotspoti ya simu, anaituma barua yake, anazima. Windows inapouona mtandao wa Wi-Fi huuchukulia kuwa hauna kipimo mpaka mwenyewe uende kwenye mipangilio ya mtandao ule na kuwasha kitufe cha "Metered connection". Ukiwa huna habari, hotspoti yako inahesabiwa kama bomba lisilo mita. Mwaka 2015 Windows 10 ilipotoka, toleo la nyumbani lilikuja limeshapangwa sio tu kushusha masasisho, bali pia kuyapakia kwa kompyuta za watu wengine kupitia intaneti, wakiwemo usiowajua. Ilikuwa njia nzuri ya kusambaza mzigo mkubwa kwa haraka. Aliyebebeshwa mzigo hakuulizwa.

Nami yalinikuta. Mwaka jana nilinunua GB 10 Ijumaa jioni ili nimalizie kazi ya wiki, nikalala kompyuta ikiwa imewashwa na hotspoti ikiwa wazi. Jumamosi saa nne ujumbe ukaingia: bando lako limekwisha. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili tu. Nikafungua ule ukurasa wa mipangilio unaoonyesha kila programu imetumia data kiasi gani ndani ya siku 30. Juu kabisa ilikaa programu moja ya duka la michezo ya kompyuta ambayo mtoto wa dada yangu aliiweka likizo ya Juni. Mtoto keshakwenda shule, mchezo hauchezwi na mtu, na usiku ule duka lilikuwa likishusha toleo jipya la mchezo huo kwa fedha zangu. Sikuwa na wa kumlalamikia. Mahali fulani kwenye kurasa za masharti, bila shaka nilikubali.

Mambo haya yanapoachwa huwa yanafika mbali. Mwishoni mwa Oktoba 2005, mtaalamu wa Windows aitwaye Mark Russinovich alikuwa akiikagua kompyuta yake mwenyewe akakuta kitu kimejificha ndani. Akakifuatilia mpaka kwenye santuri ya CD ya kundi la Van Zant aliyoinunua kihalali, iliyotolewa na Sony BMG. CD ile ilikuwa imeweka programu ya kuzuia unakili, ikajificha isionekane hata kwenye Task Manager, na ilikuwa ikichungulia programu zote zilizo wazi kila baada ya sekunde chache, hata muziki usipopigwa. Ilificha kila faili ambalo jina lake linaanza na herufi fulani, na haukupita muda waandishi wa virusi wakaja kujificha kwenye kivuli hichohicho. Mwezi uliofuata kampuni ilizirudisha CD hizo kutoka madukani. Mwaka 2007 ilifikia makubaliano na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, ikatakiwa kuwafidia hadi dola 150 walioharibikiwa kompyuta walipojaribu kuiondoa. Kisa kile kilifichuka kwa sababu mwenye kompyuta aliuliza aliloliuliza Mwalimu.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azikusanye kwa haki na uwazi. Vema. Lakini bando, umeme na dakika 6 za kila asubuhi haviitwi taarifa binafsi, na anayevichukua havunji sheria hiyo. Nadhani kumlinda mlaji kufike hapo pia. Programu ikitaka kuamka na kompyuta, iulize, kwa sentensi moja inayosomeka, na kwa Kiswahili kama inauzwa kwa Waswahili; na jibu la awali liwe hapana mpaka mwenyewe aseme ndiyo. Vijana wetu wanaoandika programu Dar es Salaam na Nairobi wasisubiri sheria. Wao wanajua GB 1 inauma vipi. Na somo la kompyuta shuleni, kabla halijamkaririsha mtoto tarehe za kuvumbuliwa kwa kompyuta, limfundishe kufungua dirisha lile na kusoma safu zake nne.

Nirudi mezani. Nilimwonyesha Mwalimu sehemu ya dirisha iitwayo Startup, ambako yameandikwa majina ya wanaoamka na mashine. Kuwazima humo hakuzifuti programu. Ukizitaka unazifungua mwenyewe. Yalikuwa majina 17. Nilikataa kumchagulia. Nilisoma kila jina, nikamweleza kazi yake, naye akatoa hukumu. Ya muziki: zima. Ya mikutano ya video aliyoitumia mara moja kwenye kikao cha wastaafu: zima. Kivinjari kinachotaka kukaa wazi hata kikifungwa: zima. Sauti ya kompyuta: iache. Mlinzi: iache, "huyo namlipa nini, mwache alinde." Tukafika kwenye programu ya printa. Akanyamaza kidogo. Printa ile ilikufa mwaka 2021, maji ya paa yalipoiingia wakati wa masika, na mabaki yake aliwapa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kwa miaka yote hiyo mtumishi wake ameamka kila siku, ameitafuta printa ambayo haipo, akaendelea kuitafuta mpaka kompyuta izimwe.

"Huyu nitamzima mwenyewe," akasema, akausogeza mshale taratibu, akabofya Disable.

Walibaki 6. Tukaiwasha upya, nikatazama saa ya ukutani: dakika 2 na nusu, kwenye diski ileile na RAM ileile. Feni ikatulia. Mwalimu akafungua kadi ya harusi aliyokuwa ameahidi kuikabidhi adhuhuri, akasogeza kikombe pembeni, akaniuliza kama jina la bibi harusi litapendeza zaidi kwa herufi za mlazo.