Ngoma Iwe Somo, Isiwe Pambo la Wageni

Imekuwa desturi katika nchi yetu kwamba mgeni mkubwa akizuru shule, watoto hupangwa juani, wakavishwa njuga, wakacheza mpaka vumbi likatimka. Wageni hupiga makofi, magari huondoka, na ngoma hurudishwa ghalani. Kesho yake hakuna kipindi cha ngoma wala mwalimu wake. Twaona ni wajibu wetu kulisema jambo hili wazi, maana wanaopunjwa ni watoto wa wanyonge.

Katika uwanda huu wa kati mvua ni haba, na njaa si mgeni. Mtoto wa mkulima wa Chamwino au Bahi aweza kuingia darasa la kwanza akiwa hana hata kitabu kimoja nyumbani, na Kiswahili kwake ni lugha ya pili baada ya Kigogo. Mwalimu humdhania mzito. Lakini mtoto huyo amekwisha kusikia wazee wakiimba kwa sauti nyingi, kila sauti ikishika njia yake bila kupoteana na nyingine. Amewaona mama zake wakipiga muheme, ngoma zikiwa katikati ya magoti yao. Elimu anayo, ila shule haijamwuliza.

Tarehe 10 Desemba, 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliuliza ni wangapi miongoni mwa wasomi wawezao kupiga zeze au marimba. Swali hilo lingali hai. Sisi tuliosoma shule za misheni tulifundishwa kinanda na nyimbo za sauti nne kwa ratiba, mwalimu akiwa mbele yetu. Hakuna aliyeuita muziki ule upuuzi. Kwa nini basi zeze la Mgogo lingoje siku ya wageni?

Tumtazame marehemu Hukwe Zawose, mtoto wa Ugogo. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, akaitumikia sanaa ya taifa, kisha akafundisha katika Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981. Mpaka alipofariki mwaka 2003, sauti yake na ilimba yake zilikuwa zimesikika Ulaya na kwingineko. Ufundi huo aliutoa kwao, katika nyimbo za watu wake.

Wako wasemao kwamba ngoma haijazi chungu. Ni kweli, na mtoto mwenye njaa apewe chakula kwanza. Wala hatusemi kila mtoto atakuwa Zawose. Twasema hivi: anayejifunza kuingia kwa wakati wake katika wimbo hujifunza kusikiliza, anayeshika mapigo hujifunza kuhesabu, aliyekuwa mwoga, akisimama kuigiza mbele ya wenzake, hupata ulimi. Tena somo hili halimdai mzazi fedha nyingi. Zeze hutengenezwa kijijini, na mwalimu wake yuko kijijini.

Hapo ndipo penye kikwazo. Fundi wa zeze hana cheti, na asiye na cheti hafunguliwi mlango wa darasa. Mtaala ulioboreshwa mwaka 2023 umeweka somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi. Ni hatua njema. Lakini somo lililoandikwa kwenye karatasi, lisilo na fundi wala chombo, litabaki karatasi. Huko Chamwino, tamasha la muziki wa Wagogo lililoanza mwaka 2009 limeonyesha kwamba vikundi vya vijiji vipo na mafundi wapo. Kinachokosekana ni njia ya kutoka uwanja wa tamasha hadi darasani.

Kwa hiyo halmashauri na ziwatambue mafundi hao, ziwalipe ujira wa haki, na kuwapangia siku za kufundisha wakishirikiana na walimu. Kamati za shule na ziulize kama kipindi cha sanaa kinafundishwa kweli, au kimemezwa na mazoezi ya mitihani. Na wewe, ndugu mfanyakazi, siku utakapoketi kivulini ukitazama watoto wakicheza juani, mwulize mwalimu mkuu: watoto hawa hufundishwa lini? Akikosa jibu, usipige makofi tu ukaondoka. Lipeleke swali hilo mkutanoni.