Keria ya Baiskeli Nyuma ya Gari: Mazingatio kwa Wanaosafiri Embu na Meru



Likizo ya shule inakaribia, na kama ilivyo ada, familia nyingi za pwani zitapanda bara kuwazuru jamaa zao. Wako wenye shangazi na binamu Majengo ya Embu na Majengo ya Meru, wako waliooza mabinti huko, na wako wanaofuata tu ile hewa baridi ya ubavuni mwa Mlima Kenya. Watoto nao, kila ikitajwa safari, huuliza swali moja: je, tutachukua baiskeli? Mzazi hutazama buti iliyokwisha jaa masanduku, mikoba na kapu la chakula, kisha hunyamaza. Safu ya juma hili inakusudia kumsaidia mzazi huyo ajibu kwa ujuzi, na bila ya kuingia katika gharama asiyoiweza.

Njia za kubeba baiskeli kwa gari dogo ni nne. Ya kwanza ni kuzifungua magurudumu na kuzilaza ndani. Njia hii haina gharama, na kwa mwenye Noah na watoto wawili yatosha kabisa. Ya pili ni kuziweka juu ya paa. Huko hazizuii taa wala nambari ya gari, lakini mama aliye peke yake atapata tabu kuinua baiskeli ya kilo 15 hadi juu ya kichwa chake, na dereva akisahau urefu ulioongezeka ataingia nazo chini ya lango la chuma la maegesho. Ya tatu ni keria ya mikanda inayofungwa kwenye mlango wa buti. Hiyo aghalabu ndiyo ya bei ndogo kuliko zote, ila mikanda hulegea, ndoano zake hukwaruza rangi, na keria iliyokaa vyema kwenye gari moja yaweza isikae kabisa kwenye jingine, kwa kuwa milango ya buti haifanani.

Njia ya nne, ambayo ndiyo shabaha yetu, ni keria inayoshikamana na kichwa cha tela, yaani kile kichwa cha chuma cha mviringo kinachotokeza nyuma ya gari kwa ajili ya kuvutia tela. Fadhila yake kubwa ni kuwa chini. Baiskeli huinuliwa kidogo tu, na mama au kijana wa miaka 15 aweza kuipakia bila ya msaada.

Keria hizi ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya kuning'iniza: mikono miwili ya chuma hupita chini ya bomba la juu la fremu, na baiskeli ikaning'inia. Ni nyepesi na bei yake ni nafuu. Lakini wanunuzi wengi hawakumbuki kwamba baiskeli za kike, zile ambazo bomba lake limeinama ili mvaaji wa buibui au gauni apande kwa stara, hazina pa kuning'inizwa. Na za watoto nazo fremu zao ni fupi mno. Huhitaji kipande cha chuma cha ziada kinachounganisha shingo ya usukani na shina la kiti, nacho hununuliwa mbali. Aina ya pili ni ya jukwaa: magurudumu hukaa katika mifereji na kufungwa kwa mikanda, na mkono mmoja huishika fremu. Bei yake iko juu, na uzito wake pia, ila hupokea baiskeli ya kila umbo. Familia ambayo baiskeli zake nyingi ni za kike na za watoto ifanye hesabu ya vile vipande vya ziada kabla ya kusema kwamba ya kuning'iniza ndiyo rahisi.

Hesabu ya pili ni ya uzito, nayo haina mjadala. Kila chuma cha tela kina kiwango cha mzigo kinachoweza kuubeba juu ya kichwa chake, na aghalabu kiwango hicho huandikwa kwenye kibao kilichogandishwa pale pale. Kwa magari madogo mara nyingi huwa baina ya kilo 50 na 75. Tuseme chako ni kilo 75, na keria ya jukwaa ina kilo 18. Zimebaki 57. Baiskeli mbili za kilo 15 na ya mtoto ya kilo 11 ni kilo 41. Basi uko salama. Lakini ukiweka baiskeli mbili za chuma za mtindo wa zamani, zenye kilo 22 kila moja, na ya tatu ya kilo 15, umefika 59 na umekwisha vuka mpaka. Ikiwa kiwango ni kilo 50, keria ile ile yakuachia 32 tu, nazo ni baiskeli mbili za kawaida. Pimeni baiskeli nyumbani: simama juu ya mizani ukiwa umeibeba, kisha simama peke yako, utoe tofauti. Na wakati wa kupakia, iliyo nzito ikae karibu na gari, nyepesi ikae nje.

Ama chuma chenyewe cha tela, magari mengi tunayoyanunua yakiwa yametumika Japani huja bila ya hicho, na hapo ndipo bei huwadanganya wengi. Mtu huona keria ya fedha chache akafurahi, kumbe bado hajanunua cha kuishikia. Uliza bei tatu kwa pamoja: ya chuma cha tela na kazi ya kukifunga, ya keria, na ya fundi wa umeme atakayeunganisha soketi ya taa. Zijumlishe ndipo ulinganishe na njia zile nyingine.

Mafundi wetu wa kuchomelea ni hodari, na kazi ya mkono wao si ya kudharauliwa. Ila mwenye gari ana haki ya kuuliza. Chuma kifungwe kwenye chasisi, kwa bolti za pande zote mbili, kamwe kisishikiliwe na bampa. Kichwa kiwe cha chuma kigumu chenye kipenyo cha milimita 50, ambacho ndicho kipimo cha keria nyingi, na kiwe kikavu bila ya grisi, kwa sababu keria hushika kwa mkwaruzo na grisi huiachisha. Sisi wa pwani tuna adui wa ziada, nayo ni chumvi ya bahari. Chuma kilichokaa miaka michache Nyali au Bamburi chaweza kuonekana kizima kwa rangi ilhali maungio yake yameliwa na kutu. Gonga, kwangua, tazama chini kwa tochi. Kadhalika ufanye kwa keria iliyokwisha tumika: tazama maungio, mipira, mikanda na skrubu. Iliyonyooshwa baada ya kupinda iache, hata ukipewa bure.

Kuna na sheria. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, yataka nambari ya usajili ionekane, na taa za breki na indiketa ni lazima zisomeke na anayekufuata. Baiskeli tatu nyuma ya gari aghalabu huvifunika vyote viwili. Keria nzuri za jukwaa huja na ubao wa taa unaochomekwa kwenye soketi. Kuhusu kibao cha nambari cha kuwekwa juu ya keria, waulizeni NTSA kwanza, wala msichongeshe kibao mtaani.

Nasisitiza haya kwa sababu ya njia yenyewe. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 480, nyingi zikiwa zimenyooka. Lakini mkishapita Thika, Makutano na mashamba ya mpunga ya Mwea, mkafika Embu, barabara hubadilika. Kutoka hapo kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu hadi Meru hupinda pamoja na ubavu wa mlima, ikishuka katika mabonde ya mito na kupanda tena, mara kwa mara. Mto Thuchi ni mmoja, na Nithi ni wa pili. Katika daraja la Nithi, tarehe 24 Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kuja Mombasa liliacha barabara likatumbukia bondeni, na watu zaidi ya 30 wakafa. Katika mteremko kama huo, uzito ulioning'inia nyuma huisukuma gari kwenye kona, na baiskeli ikidondoka humwangukia mwenye bodaboda aliye nyuma yako, ambaye naye ana watoto wanaomngoja nyumbani. Shukeni kwa gia ya chini, msitegemee breki peke yake, na matuta myavuke polepole, kwa kuwa keria hutokeza nyuma na hugonga chini upesi kuliko gari.

Kabla ya kuondoka, vueni vikapu, pampu, chupa na viti vya watoto kwenye baiskeli. Hakikisheni hakuna gurudumu lililo mbele ya mdomo wa ekzosi, kwani moshi wa moto huyeyusha mpira. Endesheni kilomita chache mtaani, kisha mkaze tena. Na kila mnaposimama kuswali au kula, Voi au Mtito Andei, mtu mmoja apewe kazi ya kuzunguka nyuma na kutikisa kila mkanda. Mpeni kijana mkubwa. Ataiona ni heshima.

Limesalia suala la unafuu. Wahenga walisema rahisi ghali, lakini haimaanishi kila ghali ni bora. Familia inayosafiri mara moja kwa mwaka haina haja ya kufungia fedha zake katika chuma kitakachokaa stoo miezi 11. Kwa kuwa vichwa vingi vya tela vina kipimo kimoja, keria ya aina hii yaweza kuhama kutoka gari la kaka kwenda la dada, na kutoka nyumba hadi nyumba, jambo ambalo ile ya mikanda haliwezi kwa urahisi. Familia tatu zikichanga zikanunua jukwaa moja madhubuti, kila mmoja atalipa thuluthi tu ya bei, na atasafiri kwa amani kuliko aliyenunua dhaifu peke yake. Andikeni tu makubaliano ya nani anaichukua lini, nani anaihifadhi, na ikiharibika italipwaje, maana ushirika wa vitu usioandikwa huwagombanisha hata ndugu.

Na ikiwa mwaka huu hesabu haikubali, baiskeli zibaki nyumbani. Binamu wa Meru wanazo zao, na watoto hupokezana. Safari njema, mfike salama.