Stenti ya moyo: inaokoa nini, haiokoi nini

Mkiambiwa mzee wenu ana mshipa wa moyo uliobana na anahitaji stenti, mazungumzo nyumbani huhamia kwenye fedha mara moja: tuuze nini, tumpigie nani. Kabla ya hapo, muulize daktari swali hili: ana shambulio la moyo sasa, au anapata maumivu akipanda mlima na yanatulia akipumzika? Jibu linabadilisha mambo mengi.

Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma. Hupitishwa ndani ya mshipa wa damu kuanzia mkononi au kwenye kinena hadi moyoni, kisha hutanuliwa palipobana ili damu ipite. Kifua hakipasuliwi.

Kwenye shambulio la moyo, stenti inaokoa maisha, na kila dakika ina thamani. Kifua kinabana na hakiachii, maumivu yanapanda taya au mkono, jasho linamtoka, anakosa pumzi: msisubiri kukuche. Nawe mama jiangalie pia. Kwa wanawake dalili zaweza kuwa uchovu mkubwa, kichefuchefu na kukosa pumzi, na ni rahisi kusema ni vidonda vya tumbo ukaendelea kupika.

Kwa yule ambaye maumivu yake huja na kutulia, habari ni tofauti. Utafiti mkubwa uitwao ISCHEMIA, uliochapishwa mwaka 2020, ulifuatilia wagonjwa 5,179 katika nchi 37. Nusu walianza na dawa peke yake. Nusu walipewa dawa na kupelekwa kuzibuliwa mishipa kwa stenti au upasuaji. Baada ya miaka zaidi ya 3, waliofariki katika makundi hayo mawili walikaribiana. Kilichotofautiana ni maumivu: waliozibuliwa walipata nafuu zaidi, hasa waliokuwa wakiumwa mara kwa mara. Na nafuu si kitu kidogo kwa mtu anayeshindwa kufika msikitini au sokoni. Lakini familia inayouza shamba ikiamini kwamba bila stenti baba atakufa wiki ijayo inastahili kuelezwa haya kwanza. (Wenye mshipa mkuu wa kushoto uliobana sana, au moyo uliodhoofu sana, hawakuwemo katika utafiti huo. Kwao daktari hupima kivyake.)

Kuna jambo ambalo wauguzaji wengi hawaambiwi vya kutosha. Stenti hurekebisha sehemu moja tu. Ugonjwa uko kwenye mishipa yote. Kwa hiyo dawa za presha, za sukari na za kupunguza lehemu zinaendelea, na sigara inaachwa. Zaidi ya hapo kuna dawa mbili za kuzuia damu isigande, mara nyingi aspirini na klopidogreli, ambazo hutumiwa pamoja kwa miezi kadhaa, mara nyingi hadi mwaka. Mgonjwa akijisikia mzima huanza kusema, "Nimepona, vidonge vya nini?" Akiziacha mapema, damu yaweza kuganda ndani ya stenti yenyewe, na hilo ni shambulio jipya la moyo.

Basi kabla hamjaondoka hospitali, muulizeni daktari dawa ipi inaisha lini, mwandike tarehe, na mpige hesabu ya bei ya dawa za mwaka mzima pamoja na ya stenti. Akitaka kung'oa jino, daktari wa meno aambiwe mapema kuhusu stenti, na dawa yoyote isisimamishwe kabla daktari wa moyo hajaulizwa.